Kila Kavira na Dosie Yake

Vijana mnaotaka kurithi kazi yangu, niwaambie inavyoanza. Mtaitwa na chuo kikuu, mtapewa soda baridi, halafu mtapelekwa kuonyeshwa seva. Kila mara ni seva. Mkuu wa chuo atatoa ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, atafungua chumba chenye pazia, na wote mtasimama mbele ya lile sanduku linalowaka taa ndogondogo kana kwamba mnamwangalia mtoto mchanga. Isifuni, basi. Halafu ombeni kuonyeshwa wanafunzi.

Nimewahi kukuta seva imefunikwa kitambaa cha kudarizi, kile cha kuweka juu ya redio sebuleni, kwa sababu karani aliogopa vumbi jekundu la Butembo. Ilichemka humo ndani mpaka ikazima, na chuo kizima kikasema programu niliyowashauri ni mbovu. Nilipoomba kitambaa kiondolewe nikaambiwa kimeshonwa na mke wa mkuu wa chuo, kwa hiyo ni lazima kwanza tukae kikao. Tulikaa. Kikao kilichukua asubuhi nzima, na mwishoni kitambaa kikahamishiwa kwenye meza ya chai.

Mimi ni Kahindo Zaina. Kwetu Kahindo ni msichana aliyekuja baada ya wavulana, nami nilitanguliwa na kaka zangu, na mpaka leo wanadhani walinilea. Kazi yangu ilikuwa kukaa kati ya vyuo vikuu vya Beni na Butembo na wale wanaoviuzia mifumo ya kusimamia wanafunzi, yaani programu inayomwandikisha mwanafunzi, kutunza masomo na alama zake, na kutoa matokeo yake ya mwisho. Sikuuza kitu wala sikutengeneza kitu. Nilishauri chuo kinunue nini, kisha nikakaa nacho mpaka hicho kilichonunuliwa kifanye kazi kwa watu walio hai. Sasa nimestaafu, niko Bungulu, mtaa wa Beni, nauza vitenge na dada yangu. Magoti yamechoka lakini ulimi bado mzima, ndiyo maana mnanisikia.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na lori kati ya Kasindi na Butembo. Akienda kununua gari hakuanza na rangi wala viti. Aliomba lipakiwe saruji, kisha lipandishwe mlima yeye akiwa amekaa karibu na dereva. Wauzaji walimchukia sana. Nilipoingia kazi hii nilidhani nimekimbia mambo ya malori, kumbe nimeyarudia.

Aliyenifundisha ni Mze Vianney, mhandisi kutoka Kisangani, mtu wa tumbo kubwa na sauti ndogo. Siku ya kwanza alinichukua Beni kumsikiliza muuzaji aliyekuja na projekta. Kwenye ukuta tukaona Mwanafunzi Kwanza, Mwanafunzi Pili, Mwanafunzi Tatu. Wote walikuwa wamefaulu, wote walikuwa na picha, hakuna aliyechelewa kulipa. Maprofesa walipiga makofi. Mze Vianney akainua kidole.

"Iko muzuri sana," alisema. "Sasa unionyeshe huyu: alianzaka hapa Beni, vita ikamukimbiza, amefika Butembo katikati ya mwaka, hapana na karatasi hata moya. Umuandike."

"Ah, Papa, ile tutaifanya mu version ingine."

"Hapana. Unionyeshe leo. Ule mwanafunzi hawezi kungojea version."

Muuzaji alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akafuta jasho, mwishoni akasema umeme si mzuri. Umeme ulikuwa mzuri kabisa. Tukiwa kwenye pikipiki kurudi, Mze Vianney alinigeukia akanipigia kelele juu ya upepo: "Zaina, usiulizake muuzaji kama inawezekana! Kila kintu inawezekanaka! Umuambie akuonyeshe!" Hilo lishikeni. Muuzaji hasemi uongo. Ana matumaini tu, na matumaini yake atayaacha kwenu akishapanda ndege.

Mengine mtajifunza kwa kuchekwa. Kuna mfumo uliopanga mitihani yote Jumamosi kwa kuwa madarasa yalikuwa wazi, bila kujua kwamba madarasa yetu huwa wazi Jumamosi kwa sababu wanafunzi wengi ni Wasabato, wako kanisani. Mwingine haukujua Idi ni kitu gani. Huo niliugundua mapema, wala siyo kwa akili nyingi. Na msianze kamwe na mafundi wa kompyuta. Anzeni na watu wa apparitorat, ile ofisi inayoandikisha wanafunzi, maana wanaamini mmekuja kuwafukuza kazi. Wapeni viti vya mbele, wafundisheni wao kwanza, nao watawaambia mambo ambayo mkuu wa chuo hayajui. Mkiwaacha nyuma, mfumo utakufa kwa ugonjwa usiojulikana.

Lakini niliwaiteni hapa kwa ajili ya Kavira.

Kilikuwa chuo kimoja cha Butembo. Sikitaji, na anayekisia anyamaze. Kilinunua mfumo wake Kinshasa kabla ya kuniita, mimi nikaja wakati wa kuuweka. Fundi aliyetumwa aliitwa Ingénieur Didier, kijana mpole, mwenye shati lisilojikunja hata kwa ile barabara yetu, na alikuwa hajawahi kukanyaga Kivu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhamisha wanafunzi wote kutoka kwenye faili za fakulteti na kuwaweka mahali pamoja. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kila fakulteti ilikuwa na namba zake za wanafunzi, na kila moja ilianzia moja, kwa hiyo namba haikumtambulisha mtu. Jina la katikati kila karani aliliandika alivyopenda au aliliruka. Didier akaamua kutumia jina la kwanza, jina la ubatizo na tarehe ya kuzaliwa. Watu wawili wakilingana kwa hayo, aliuambia mfumo, basi ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Waunganishe.

Alikotoka hiyo ni akili nzuri tu. Kwetu Wanande ni balaa. Mnajua wenyewe: sisi mtoto hatumtafutii jina, anakuja nalo kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira; wavulana nao vivyo hivyo, wa kwanza Paluku, wa pili Kambale. Kwa hiyo kila nyumba yenye wasichana wawili ina Kavira, kuanzia bondeni hadi kilimani, na ukiongeza Esther nyuma yake bado hujaondoa wengi, maana akina Esther wamejaa makanisani. Tarehe nayo haikusaidia. Wengi walizaliwa njiani watu wakikimbia, hawana cheti, na makarani waliwaandikia wote Januari mosi ya mwaka waliokisia.

Mimi nilifika wakati kuunganisha kumekwisha. Mfumo ulionekana mzuri, safi, wenye wanafunzi wachache kuliko tuliotarajia. Didier alifurahi, akasema ametoa uchafu. Siku iliyofuata uchafu ukagonga mlango.

Alikuwa msichana mrefu mwenye viatu mkononi, kwa sababu ya matope. Aliitwa Kavira Esther, wa Kasugho, mwaka wa mwisho wa kilimo. Wazazi wake walikuwa wameacha mashamba yao kule magharibi ya Lubero kwa ajili ya vita na kuishi kwa ndugu. Ushirika mmoja wa wakulima wa kakao huko Beni ulikuwa umemwahidi kazi akitangazwa amefaulu msimu huu wa matokeo. Ukipita, watachukua mwingine. Alikuwa ametoka apparitorat kuuliza kama dosie yake, yaani faili la masomo yake, iko sawa.

"Mama, banasema nilianguka mu anatomie."

"Anatomie ya nini?"

"Ya batu! Miye nasomaka mihogo na kakao. Sijapasulaka mutu hata siku moya!"

Nilicheka, nakiri, halafu nikaacha kucheka kwa sababu yeye hakucheka. Tulifungua dosie yake. Magonjwa ya mihogo yalikuwa yamekaa pamoja na uzazi wa akina mama. Rutuba ya udongo ilifuatwa na mifupa ya mwanadamu. Kulikuwa na Kavira Esther mwingine, wa fakulteti ya afya, na mfumo ulikuwa umemmeza ndani ya huyu. Huyo wa pili, tulipouliza, alikuwa ameshakuja apparitorat mara kadhaa akaambiwa hayumo kwenye kompyuta, arudi kesho. Tukatafuta zaidi. Akina Kambale walikuwa wameunganishwa, akina Masika, akina Paluku. Kulikuwa na Kambale mmoja aliyesoma sheria, udaktari wa mifugo na Kiingereza, vyote katika muhula mmoja. Mtu wa ajabu kweli.

Didier hakunielewa. "Mama Zaina, pardon, lakini système haikosee. Jina moya, tarehe moya, donc mutu moya." Donc, kwa Kifaransa chetu, ni basi.

Nilikuwa na hasira, lakini siyo kwake. Nikamshika mkono nikamtoa nje, uwanjani, wanafunzi walipokuwa wamejazana wakingoja habari za matokeo.

"Ita Kambale," nikamwambia.

"Kambale gani?"

"Ita tu."

Akaita. Vichwa vya wavulana viligeuka huku na huku uwanja mzima, na kutoka dirisha la ghorofa ya juu sauti nzito ikajibu, "Oui?"

Didier akanigeukia. "Mama... beko bote?"

"Bote. Na ule wa ku dirisha ni professeur, umusalimie."

Akamsalimu. Kisha akakaa kwenye ngazi na kushika kichwa. Alipoinuka aliniambia kutenganisha kunawezekana, lakini ni dosie moja moja, kwa mkono, na kwa kila moja lazima mtu aseme lipi ni somo la nani. Nilimpenda tangu saa ile. Wengi wangenibishia mpaka jua lizame.

Mkuu wa chuo alikuwa jambo jingine. Siku ya kutangaza matokeo ilikuwa imeshatajwa redioni, na wajumbe wa baraza la chuo walikuwa wakija kuushuhudia mfumo mpya ukifanya kazi. Alikuwa ameniwekea mezani karatasi ya kuupokea mfumo, ile ambayo mshauri akisaini ina maana kitu ni kizima na muuzaji hadaiwi tena matengenezo. Sikilizeni vizuri hapa. Hakuwa mtu mbaya. Aliendesha chuo kile katika miaka ambayo wengine walifunga milango, na alihitaji siku moja ya furaha mbele ya watu. Lakini ule mfumo ulikuwa umejengwa hivi: majaji, yaani maprofesa wanaopitisha matokeo, wakishayafunga, dosie haifunguki tena mpaka msimu unaofuata. Kavira wa Kasugho angetangazwa ameanguka masomo asiyoyasoma, na wenye kakao wasingemngoja.

"Mama Zaina, ni batoto kidogo tu," alisema. "Usaini, tutarekebisha nyuma."

"Hapana, Monsieur le Recteur."

"Radio ilishasema."

"Radio itasema tena."

"Baraza iko mu njia! Unataka nibaambie nini? Kama mama moya alikatala?"

"Ubaambie vile. Monsieur le Recteur, nyumbani kwako uko na Kavira?"

Akanitazama. "Niko naye. Anasoma secondaire."

"Na kwa ndugu yako?"

"Iko naye."

"Na kwa dada yako?"

Alitazama dirishani, na mimi nikasukuma ile karatasi upande wake wa meza. Nilikuwa na watoto shuleni na mkataba ule nilikuwa nauhitaji.

"Munipe barua ya kunifukuza," nikasema, "ama munipe salle kubwa na banafunzi bote ba mwaka wa mwisho. Hapana kingine."

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Salle ya kufanya nini?"

Nikamwambia: kila mwanafunzi aje ukumbini aione dosie yake kabla majaji hawajakaa. Maprofesa waliposikia walipandisha sauti. Alama ni siri mpaka siku ya kutangaza, walisema, huyu mama anataka kuvunja chuo. Nikawajibu kwamba tutaficha alama, tutaonyesha majina ya masomo tu, na hakuna siri katika jambo hilo kwa kuwa mwanafunzi anajua alichosoma. Wakakubali, ingawa mmoja aliendelea kusema.

Redio ikasema tena, kama nilivyoahidi. Wenye pikipiki wakapeleka habari mitaani, na waliokuwa Beni wakapanda kuja. Ukumbi ukajaa. Tuliweka meza, kila meza na kompyuta moja na mtu wa apparitorat, na Didier akawa anazunguka na shati lake, sasa limejikunja. Swali tulilouliza ni lile ambalo mama yeyote wa sokoni anauliza akisikia jina: Kavira wa nani? Wa wapi? Tukaandika jina la baba, la mama na la kijiji, na Didier akaufunga mfumo usimkubali mtu tena bila hayo matatu. Kila mwanafunzi alisoma masomo yake kwenye kioo, akasema haya yangu, haya siyo yangu. Wengine walikubali haraka, wengine walisogea karibu kabisa wakasoma kwa kidole. Yule Kambale wa ajabu aligawanyika akawa vijana watatu, mmoja wao mfupi sana, wakapeana mikono.

Akina Kavira wetu wawili walikutana meza moja. Yule wa afya alikuwa mnene kidogo, mwenye miwani.

"Ni weye ulinikulia anatomie?" akauliza.

"Ni weye ulinipatia uzazi?" akajibu yule wa Kasugho. "Mawee! Nyumbani balikuwa banataka kunipima mimba!"

Meza nzima ilicheka, na karani aliyekuwa amewafukuza wote wawili wiki iliyotangulia alicheka kuliko wote. Nilimwacha acheke. Alikuwa anafanya kazi vizuri sasa.

Kutangaza kukaahirishwa kwa juma moja. Watu walinung'unika. Kuna mama aliyenifuata barabarani kunieleza kwamba mbuzi wake wa sherehe, kwa kungojeshwa, amemaliza maharagwe ya jirani, na nani atalipa? Nikamwambia ampeleke kwa mkuu wa chuo. Sijui kama alimpeleka. Baraza nalo lilikuja, likaelezwa, na mkuu wa chuo akasema mbele yao kwamba ni yeye aliyeagiza wanafunzi wakaguliwe. Sikumpinga. Mkifanya kazi hii mtajifunza kuwaachia wakubwa maneno, ilimradi kitu kimefanyika.

Ninachowaambia ni hiki, na sitakipunguza ukali: msisaini. Mkiwa na shaka, msisaini. Mkiambiwa mnachelewesha maendeleo, mkiambiwa ni watoto wachache tu, mkiambiwa mtalipwa leo jioni, msisaini. Wale watoto wachache mfumo hauwaoni, muuzaji hawajui, mkuu wa chuo ana haraka. Hapo mezani hakuna mwingine wa kuwaona isipokuwa nyinyi. Mkisaini, basi mnastaafu na kitu kinawakalia kifuani, na vitenge havikiondoi.

Siku ya kutangaza, uwanja ulijaa mpaka kwenye miti. Walisoma fakulteti ya kilimo kwanza. Kavira Esther, binti wa fulani na fulani, wa Kasugho: amefaulu, tena vizuri. Mama yake, mwanamke mdogo aliyekuja na khanga moja tu, alivunja mstari wa walinzi akammwagia mwanawe poda nyeupe kichwani, ndiyo pongezi yetu kwa aliyefaulu, kopo zima, wote wawili wakakohoa na kulia. Nililia na mimi. Sioni aibu.

Wakasoma afya. Kavira Esther wa miwani hakufaulu. Zile alama mbaya za anatomia zilikuwa zake kweli, na hakuna wa kumsingizia.

Nilimwona anakuja upande wangu kati ya watu wanaocheza, nikajiandaa kwa matusi. Ni haki yake, nilijisemea. Nusu ya chuo ilijua nani aliyewatenganisha.

"Mama, ni weye ulisema tutenganishwe?"

"Ni miye, mwanangu."

Macho yake yalikuwa mekundu nyuma ya miwani. Begani alikuwa na poda ya mwenzake, walikuwa wamekumbatiana.

"Wasingya," akasema. Hilo kwetu ni asante. "Bureau ilikuwa inaniambia siko. Kila siku, hauko, hauko. Sasa banasema nilianguka. Donc niko." Akavuta pumzi. "Kule kwa kujiandikisha tena, banafungulaka saa ngapi?"

"Iko wazi sasa. Twende."

Tulipita kando ya ngoma hadi apparitorat. Karani alikuwa peke yake, amekaa mbele ya kompyuta, anasikiliza furaha ya wengine dirishani. Alipomwona alivuta kiti.

"Kavira wa nani?" akauliza.

Akamjibu jina la baba yake, la mama yake na la kijiji chao, amesimama wima, kwa sauti ya mtu aliyefaulu.